Tambi za Kufika, Jiaozi za Kuondoka

Ndugu zangu wafiwa, majirani wa Mtaa wa Stesheni, wafanyakazi wenzake marehemu mliokuja na kofia zenu za kazi, na wewe Mzee Pang uliyejibanza karibu na jiko kana kwamba msiba umeandaliwa kwa ajili ya tumbo lako, naomba tusikilizane. Wapiga zumari, pumzisheni mashavu kidogo. Mimi naitwa Qiao Suyun, mdogo wake marehemu, tumbo moja, ziwa moja, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake. Najua kwa desturi kazi hii hupewa mwanamume mwenye sauti, lakini sauti ya ukoo huu ndiyo imelala pale ndani ya jeneza, kwa hiyo mtaivumilia yangu.

Kabla sijafika mbali, niseme neno kuhusu ile treni ya karatasi mnayoiona mlangoni, tutakayoichoma baadaye ili imfikie marehemu huko aliko. Fundi wa karatasi alituletea kwanza treni nyeupe ya mwendokasi, yenye pua ndefu kama ya bata, akatarajia tumshukuru, nami nikamwambia baba, chukua bata wako, ukituchomea hiyo kaka yangu atarudi kwa miguu kuja kutugombeza. Ndiyo maana imepakwa rangi ya kijani na pua imekatwa. Rangi haijakauka, wenye watoto wawashike.

Sasa naanza. Marehemu Qiao Shoutian alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, katika chumba cha kungojea abiria cha stesheni ndogo ya Luowang, mashariki ya mji wetu wa Kaifeng, akiwa mtoto wa kwanza wa Qiao Youliang, mkulima wa karanga, na mama yetu, ambaye siku hiyo alikuwa anakuja kujifungulia kwa wazazi wake hapa mjini, baada ya kuhakikishiwa na mkunga wa kijiji kwamba bado ana wiki nzima, mkunga yule yule aliyemtabiria shangazi yetu mapacha, akazaa gesi. Treni ilikuja, ikapiga honi, ikaondoka, na mama yetu akabaki kwenye benchi akipiga honi yake mwenyewe. Marehemu alipenda kusema kwamba treni ilimwacha siku ya kwanza duniani, naye akaapa hataiacha yeye hata siku moja.

Kuhusu elimu, aliingia shule ya msingi ya Luowang mwaka 1958, akaendelea na masomo ya kati Lankao mwaka 1964, akasoma mpaka shule zilipofungwa mwaka 1966 katika vurugu za miaka ile, na sitawadanganya mbele ya maiti kwamba taifa lilipoteza msomi. Mwalimu alipomuuliza saba mara nane, alijibu Zhengzhou, Zhongmu, Xinglong, Kaifeng, Luowang, Lankao, kwa sauti iliyotikisa vioo, na mwalimu, aliyekuwa mtu mwembamba mwenye mishipa dhaifu, akamweka karibu na mlango ili sauti itoke nje. Hesabu hakuijua mpaka anakufa. Ila hakuna mtoto wa shule ile aliyepotea njia maishani, wote walijua baada ya Lankao ni Minquan.

Tarehe 1 Aprili 1970 aliajiriwa katika stesheni yetu ya Kaifeng, hii ya hapa kusini, ninyi mnaiita ya zamani, yeye alikuwa anaiita stesheni, basi, kama vile jua lilivyo moja. Alianza kwa kubeba mizigo. Kisha siku moja ya masika ya mwaka 1973 dhoruba ya vumbi ikazima umeme mji mzima, vipaza sauti vikanyamaza, abiria wakaanza kukimbia ovyo na mafurushi yao, ndipo huyu mchukuzi akapanda juu ya magunia ya karanga, akaweka mikono mdomoni, akatangaza treni ya Shangqiu kwa sauti iliyosikika, wanasema, mpaka kwenye ukuta wa mji. Umeme ulirudi baada ya siku mbili, yeye hakunyamaza. Stesheni masta akampa bendera mbili, filimbi na sare, akamwambia, Qiao, kuanzia leo wewe ni mtu wa jukwaani, maana nikikuacha kwenye mizigo utaendelea kupiga kelele bure bila mshahara.

Wale mliosafiri miaka hiyo mnakumbuka alivyokuwa akitangaza. Hakusema tu treni inaondoka, kama watu wengine wenye haya. Alisema: “Treni ya Shangqiu hiyo, inasimama Luowang kwenye karanga, Lankao kwenye upepo wa mchanga, Minquan kwenye zabibu, Ningling kwenye peasi, Shangqiu mwisho wa maneno! Mwenye kuku amfunge miguu, mwenye mtoto amfunge mdomo, mwenye mke na amshike mkono, mwenzako hajaoa!” Kila treni hivyo hivyo, mashariki na magharibi, mvua na jua. Ilikuwa raha kusikiliza. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba baadhi ya abiria walisimama kusikiliza mpaka treni ikaondoka.

Na hapo ndipo tunafika kwenye ndoa. Mwaka 1975 msichana mmoja wa Minquan, Fan Guizhi, alikuwa ameuza mayai yake sokoni, amesimama na kapu tupu kumsikiliza huyu bwana akiyasifu mazabibu ya kwao, treni ikamwacha palepale. Akamfuata hadi juu ya magunia yake. “Wewe kasuku, umenichelewesha. Utanilisha, au nikupasue na kapu?” Kaka yangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakosa la kutangaza. Akamleta nyumbani kwetu, na jikoni siku hiyo hapakuwa na kitu ila tambi, akamwandalia bakuli la tambi, msichana akalifuta lote mpaka mchuzi.

Mama alirudi kutoka kisimani, akaona bakuli, akaketi chini. Kwetu sisi, jiaozi, vile vifurushi vya unga vya kuchemsha, ni chakula cha anayepanda treni, kwa sababu ule unga unavyofunga nyama ndani vizuri ndivyo na safari yake ifungwe vizuri, na tambi ni chakula cha anayeshuka, maana tambi ni ndefu, zinamfunga miguu mgeni asiondoke tena. Hili halihitaji shule. Mtoto wa miaka mitatu analijua. “Shoutian,” Mama akasema, “huyu binti anaondoka au anafika?” “Anaondoka Mama, na treni ya jioni.” “Umempa tambi?” Akaanza kukusanya vyombo. “Umempa tambi wewe mwenyewe, kwa mkono wako? Basi ameshafika huyo. Suyun, mtandikie shangazi yako wa kesho kitanda.” Nilikuwa msichana mdogo mwenye mdomo, nikamwambia, Mama, huyo atakuwa wifi, si shangazi. Mama akanipa kofi, lakini kitanda kikatandikwa. Walifunga ndoa tarehe 1 Oktoba 1976, na wifi yangu, miaka yote ya ndoa yao, wakigombana alikuwa akisema mimi sikuja kuolewa, mimi nilikuja kuuza mayai.

Ndoa yao ilijaliwa mtoto mmoja, binti, Qiao Xiaohe, aliyezaliwa tarehe 22 Juni 1979, na aliyekaa pale mbele amevaa nguo nyeupe za msiba. Mtoto huyu alichukua uzuri wa mama yake na kichwa cha baba yake, namaanisha ndani ya kichwa. Akisema hapana, hata maksai wawili hawamvuti. Alisoma, akawa daktari wa meno, akapata kazi Xuzhou, mwisho wa reli yetu upande wa mashariki, na huko akaolewa na Bwana Meng Kaiyuan, mhandisi, kijana mpole ambaye sisi wote tulimpenda mara moja na marehemu alimpenda kwa masharti. Wana mtoto mmoja, Tong, yuko chuo. Kwa miaka yote hiyo Xiaohe alikuja nyumbani kwa treni ya polepole, anashuka hapa kusini, baba yake anamtangaza jukwaani kwa jina kama waziri, watu wanageuka kutazama, mtoto wa watu anataka ardhi ipasuke, kisha wanakuja nyumbani, Guizhi amekwisha kukata tambi. Akiondoka, jiaozi. Hivyo ndivyo maisha yalivyokwenda.

Marehemu alistaafu tarehe 9 Februari 2011. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Mei 2012, wifi yangu Fan Guizhi alituacha, na kwa kweli tangu hapo nyumba ile ilikosa mtu wa kusema basi, yatosha. Nasema hivi kwa sababu angekuwapo yeye, haya yanayofuata yasingetokea, angewapiga baba na binti wote wawili na kapu.

Bwana Meng, mkwe wetu, alikuwa miongoni mwa watu waliopima ardhi ya reli mpya ya mwendokasi, ile inayoanzia Zhengzhou ikaenda mpaka Xuzhou, na reli hiyo, kama mjuavyo, haikupita kusini, ilipita kaskazini, ikajengewa stesheni yake kule kwenye mashamba ya matikiti. Marehemu alipoambiwa aliuliza swali moja tu. “Luowang inasimama?” Mkwe akasema, “Hapana Baba, Luowang haipo kwenye njia hiyo.” “Treni gani inakwenda Xuzhou bila hata kuisalimia Luowang? Mimi nimezaliwa pale!” Mkwe akaeleza mambo ya kona na mwendo, akamletea na picha kubwa nzuri ya stesheni mpya ikiwa ndani ya fremu. Kaka yangu akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaenda kufunikia nayo mtungi wa kabichi ya chumvi.

Stesheni ya Kaskazini ilifunguliwa Septemba 2016, na Xiaohe, kwa furaha yake na fahari ya mumewe, akapanda treni ya kwanza aliyoweza. Baba yake alikuwa amesimama hapa kusini na chupa ya chai iliyojaa tambi, kwa kuwa tangu mkewe afariki alikuwa akizipeleka jukwaani zikiwa moto. Simu ikalia. Mimi nilikuwa pembeni yake, nilisikia yote.

“Baba, nimefika!”

“Umefika wapi? Mimi nipo stesheni, sikuoni.”

“Nipo Kaskazini, Baba. Ni kama saa moja tu kutoka Xuzhou, huwezi kuamini!”

“Basi hujafika. Uko kwenye matikiti. Ukifika nipigie.”

Akakata simu. Tambi akazila mwenyewe njiani, amesimama, kwa hasira, zikamwunguza ulimi, hata hilo akamlaumu mkwe.

Mnaweza kudhani ni utani wa siku moja. Sivyo. Xiaohe alipoingia nyumbani jioni ile na begi lake, baba yake akamtazama, akanigeukia mimi: “Suyun, Xiaohe akifika tutakula tambi. Mtoto amechelewa.” Mtoto yuko mbele yake! Na Xiaohe, badala ya kucheka, akavimba. “Sawa Baba. Kama sijafika, sijafika. Mimi sipandi treni ya siku nzima na kuku miguuni ili wewe ufurahi.” Basi kikaanza kichekesho kilichodumu miaka saba. Anakuja sikukuu, anakuja likizo, anaosha vyombo, analala chumbani kwake, na baba yake anawaambia majirani binti yangu hajafika bado. Mzee Pang siku moja akamwuliza, “Sasa huyu anayeanua nguo zako ni nani?” Akajibu, “Mpita njia, ana roho nzuri.” Na kwa kuwa hajafika, tambi hapati, na kwa kuwa asiyefika hawezi kuondoka, jiaozi pia hapati. Mtoto anarudi Xuzhou na njaa. Mimi nilikuwa nikimpikia kwangu kwa kujificha, lakini alikuwa anakula nusu, anasema, “Shangazi, si zako ninazozitaka.” Nilitamani kuwagonganisha vichwa vyao, ila niliogopa vichwa vile visingeumia.

Na mnisikie vizuri, mimi nilijua kila upande unaumia. Kaka alikuwa anakwenda jukwaani na chupa yake kila Xiaohe alipokuja, anajua kabisa binti yuko Kaskazini, anasimama hadi treni ya polepole ipite, anarudi. Na binti alikuwa akiteremka kule anaangalia watu wanaopokelewa. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake katika stesheni yake. Lakini kila mmoja alikuwa Qiao.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Septemba mwaka huu wa 2023, kwa maumivu ya kifua, tukampeleka hospitali, ambako Daktari Ruan, bingwa wa moyo, mtu wa kusini mwenye subira, alimwomba aeleze anavyojisikia. Kaka akamwambia yanaanzia Zhengzhou, yaani bega la kushoto, yanapita Zhongmu polepole, yakifika Kaifeng yanasimama muda mrefu, na siku nyingine yanateremka mpaka Minquan. Daktari alimtuma nesi akalete ramani. Vipimo vikaonyesha moyo umechoka na hauna tena fundi, na marehemu akatuamuru tusimwambie Xiaohe, mtu ambaye hajafika haambiwi mambo ya nyumbani. Mimi nikasema ndiyo kaka, nikatoka mlangoni nikapiga simu.

Xiaohe akasema anakuja siku inayofuata, treni ya asubuhi. Nikarudi ndani nikamwambia kaka ukweli, nikijua atanifokea. Hakufoka. Aligeukia dirisha, akasema, “Safari hii atanikuta kitandani. Nikiwa kitandani, jukwaani atakuwa nani?” Nikamwambia hakuna mtu. “Basi chemsha tambi. Mtoto akishindwa kuja stesheni, stesheni itamfuata mtoto.”

Hivyo tarehe 28 Oktoba, kaka yangu, aliyekatazwa na daktari hata kupanda ngazi, alivaa sare yake ya zamani iliyokuwa imemlegea kila mahali, akachukua bendera zake mbili na filimbi, akapanda bajaji ya umeme ya Mzee Pang anayobebea kuku wake wa pipa, wale wa kuchemsha anaowauza dukani, mimi nyuma na chupa ya tambi mapajani, tukaenda Kaskazini. Miaka saba hakuwahi kukanyaga. Alishuka, akaiangalia ile stesheni kuanzia juu hadi chini, mavioo yote yale, akasema, “Kubwa. Lakini mbona hainuki makaa?”

Sasa mtu mwenye sare na bendera akisimama mlango wa kutokea, watu watafanya nini? Walimwuliza. Bibi mmoja mwenye gunia akamwuliza treni ya Lankao iko wapi, na kaka, ambaye katika stesheni ile hakujua hata choo kilipo, akamjibu kwa uhakika wote, mama nifuate, na wengine wakaona mwenzao anaongozwa wakafuata. Aliwatoa nje akiitangaza ile treni yake ya zamani ya Shangqiu, akawavusha maua ya krisanthemamu yote yaliyopangwa pale kwa msimu, akawafikisha mbele ya bajaji ya Mzee Pang, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi. Ikabidi binti wa ulinzi aje mbio. “Babu, babu, treni unayoitangaza haipo siku nyingi!” “Haipo kwako wewe,” akamwambia, “wewe umezaliwa juzi.” Mimi nikamshika yule binti mkono, nikamnong'oneza maneno mawili, na tunamshukuru leo, maana alirudi nyuma akamwacha.

Watu wa Xuzhou wakaanza kutoka. Kaka akarudi mlangoni, akapanda juu ya sanduku la mtu, akaweka mikono mdomoni. Moyo ule uliochoka, sijui aliitoa wapi sauti. “Inaingia treni ya Xuzhou, imepita Shangqiu, Ningling kwenye peasi, Minquan kwenye zabibu alikozaliwa mama yako, Lankao kwenye upepo wa mchanga, Luowang kwenye karanga...” Watu wote wakasimama. Na katikati yao nikamwona Xiaohe, daktari mzima wa meno, na koti lake la bei, ameziba mdomo kwa mikono miwili. “...na hii ni Kaifeng! Qiao Xiaohe, binti wa Fan Guizhi, shuka mwanangu, umefika!”

Nililia, sioni haya kusema. Hata yule bibi wa Lankao alilia, na hakuwa anajua kwa nini, na treni yake ilikuwa imeshaondoka.

Kaka akafungua chupa palepale, akampa vijiti. Tambi zilikuwa zimekaa tangu asubuhi. Xiaohe akachungulia, machozi yanamtoka, akasema, “Baba, zimekuwa uji.” “Kula,” akamwambia, “umechelewa miaka saba, ulitaka ziwe vipi?” Akala zote, akakwangua na chupa. Mkwe wetu Bwana Meng, aliyekuwa nyuma na mabegi, akaogopa kusogea, kaka akamwita. Akaizunguka ile stesheni kwa macho mara ya pili, kisha akatoa lile neno letu la mkoa wa Henan, neno la kukubali, ambalo mkwe alikuwa amelisubiri tangu siku ya harusi. “Zhong,” akasema. “Lakini ungesimamisha hata moja Luowang.” Mkwe akasema atalipeleka ombi. Kaka akasema afanye haraka.

Xiaohe hakurudi Xuzhou. Aliomba ruhusa kazini, akahamia chumba chake cha utotoni, na baba yake akaanza kuwaambia majirani binti yangu amefika, mmemwona binti yangu, amefika juzi, na Mzee Pang, kwa uchokozi wake, akawa anauliza yule mpita njia kaenda wapi.

Sasa, ugonjwa uliendelea, na ukatuletea tatizo ambalo daktari hana dawa yake. Kaka yangu alikuwa anapenda jiaozi kuliko chakula chochote chini ya jua, za nyama ya kondoo na karoti, na alipokuwa mgonjwa akaanza kuzitamani kama mjamzito. Nani angempikia? Mtu yuko kitandani, anapumua kwa shida, wewe umletee chakula cha kuagana? Tulikataa wote. Tukampa tambi asubuhi, tambi mchana, tambi jioni, tambi nyembamba, tambi pana, ili tumfunge miguu, mpaka akatupa kijiko. “Mtaniua kwa adabu zenu!” akasema. “Nimeshafungwa miguu mpaka shingo! Pang, we Pang, niletee jiaozi kwa siri nikusamehe lile bao uliloniibia tukicheza.” Mzee Pang, ambaye kwa kusamehewa lile bao angeuza hata duka, alitoka nje, akashika ukuta, akarudi amenunua tambi.

Ikaja tarehe 22 Desemba, siku fupi kuliko zote za mwaka, siku ambayo kila nyumba ya huku inapika jiaozi, kwani asiyekula siku hiyo baridi itamdondosha masikio. Kaka alikuwa anaihesabu kwa vidole. Alfajiri akatuita mimi na Xiaohe. “Leo mtasemaje? Mji mzima unakula. Mtaninyima, niende huko kwa wazee wetu sina masikio? Guizhi atanitambuaje?” Mimi nikafungua mdomo kukataa, kama kawaida yangu. Xiaohe akanishika mkono. Alimtazama baba yake, akatazama miguu yake iliyokuwa imevimba, na mimi niliona usoni mwake kwamba ameelewa alichokuwa anaombwa. “Sawa Baba,” akasema. “Za kondoo na karoti?” “Na tangawizi. Usiwe bahili.”

Akaenda jikoni. Nilimfuata, nikamkuta anakanda unga analia, unga umelowa, nikamwambia mwanangu acha, tumwambie kondoo wamekwisha sokoni. Akasema, “Shangazi, miaka saba nimeondoka humu bila mtu kunipa jiaozi. Mimi najua inavyouma. Baba yangu haondoki hivyo.” Akaendelea kukanda. Nami nikakaa nikaanza kukata karoti.

Akamletea bakuli, mvuke unatoka, akamwinua, akamlisha. Kaka alitafuna ya kwanza amefumba macho. “Chumvi imezidi,” akasema, akafungua mdomo apewe nyingine. Alikula vizuri, kuliko siku zote za ugonjwa. Halafu akaona bakuli ni moja tu, na sisi wawili tumekaa mikono mitupu. “Na wewe mbona huli, Xiaohe? Kula bwana, masikio yatakudondoka.”

Xiaohe akampangusa mchuzi kidevuni. “Na yadondoke, Baba. Mimi siendi popote.”

Kaka yangu alimwangalia. Nilidhani atasema kitu kirefu, mnamjua. Akasema “zhong” tu, kidogo, kwa sauti ambayo hata jirani wa ukuta hakuisikia, akaegemea mto, akashika mkono wa mwanawe. Alifariki alasiri ya siku hiyo hiyo, tarehe 22 Desemba 2023, nyumbani kwake, akiwa ameshiba.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe, mjukuu, na dada mmoja, yaani mimi, ambaye tangu jana nimekuwa nikigeuka kila mtu akiita kwa sauti.

Kwa niaba ya ukoo wa Qiao, napenda kumshukuru Daktari Ruan na wauguzi wake, ambao sasa wanaijua reli yetu kuliko watu wengi wa mji huu, majirani wa Mtaa wa Stesheni kwa makaa, viti na masikitiko yenu, wafanyakazi wenzake kwa kulibeba jeneza na kwa kutoipuliza ile filimbi ndani ya nyumba kama nilivyowaomba, binti wa ulinzi wa Kaskazini ambaye amekuja leo na sijui nani alimwambia, na Mzee Pang kwa bajaji, kwa kuku, na kwa kukiri mbele ya maiti asubuhi hii kwamba lile bao aliliiba kweli.

Mwisho, kuhusu chakula. Bakuli la jiaozi mnaloliona mezani mbele ya picha ni la marehemu peke yake, Xiaohe amezifunga mwenyewe, safari hii chumvi ameipunguza, na asiziguse mtu, Pang nakuona. Sisi wengine wote tumepikiwa tambi, zipo za kutosha, kwa sababu sisi bado tupo.

Nenda salama, kaka yangu, ulale pema. Mtoto amefika.